Njia za Pwani ni Mali Yetu, Tuzishike Kabla Hazijazibwa



Juzi nilitoka Tanga mjini alfajiri, nikapanda baiskeli yangu kwenda kuonana na matawi ya Chama yaliyo upande wa kusini. Sikufuata barabara kubwa. Nilifuata njia ya zamani ipitayo karibu na bahari, maana hiyo ndiyo ifikayo milangoni mwa wanachama wenyewe, na barabara kubwa huwapita kwa mbali. Njia hiyo nimeipita mara nyingi sana. Safari hii nilifika mahali fulani nikakuta seng'enge mpya, nguzo za zege, na kijana mlinzi aliyenisalimu kwa adabu.

"Habari za asubuhi, kaka. Hapa hapapitiki tena."

"Tangu lini?"

"Tangu walipokuja wenyewe."

Nikamwuliza, wenyewe ndio akina nani? Alicheka tu, hakunijibu.

Nyuma yangu wakaja akina mama wawili wenye ndoo za samaki vichwani, na mzee mmoja aliyefunga madafu kwenye karia ya baiskeli yake mpaka hajulikani yuko wapi. Wote watatu hawakusema neno. Walipinda kushoto, wakaingia kichakani kuzunguka ule waya, kana kwamba wamefanya hivyo maisha yao yote. Hilo la kunyamaza ndilo lililoniuma kupita waya wenyewe. Hata kijana yule simlaumu, naye atafuta riziki.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu wengi katika Chama huona habari ya njia za vumbi kuwa ni jambo dogo. Tukizungumza maendeleo twazungumza lami, bandari, na lile bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia hapa kwetu Chongoleani. Hayo ni makubwa na mimi sina neno nayo. Lakini yako mambo ambayo mtu huyaona madogo kwa sababu anayo, na siku yakiondoka ndipo huulizana na mwenzake ilikuwaje.

Nianze na jambo litakalowachekesha. Huko Ulaya na Marekani siku hizi kuna watu wenye magari mawili nyumbani, na barabara za lami zilizonyooka kama rula, nao waiacha lami kwa hiari yao waende kutafuta changarawe. Wametengeneza baiskeli maalumu kwa kazi hiyo. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, mfano wa zile za mashindano, lakini tairi zake ni pana zaidi, milimita 40 au zaidi, na hazijazwi upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe, kusudi zimeze mashimo. Gia zake ni nyepesi ili mtu apande mlima akiwa na mizigo yake. Huko Kansas, Marekani, yako mashindano yaliyoanza mwaka 2006, ambayo mbio yake kuu ni ya maili 200, karibu kilomita 320, zote karibu ni njia za mashamba. Mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia kilianzisha ubingwa wa dunia wa mchezo huu, ukafanyika Italia.

Yaani yule mzee wa madafu, ambaye ameendesha baiskeli juu ya mchanga na mawe ya matumbawe tangu ujana wake, kumbe alikuwa bingwa pasipo kujua.

Jirani zetu wa Kenya hawakukaa kucheka. Mwaka 2021 walianza kufanya mbio za changarawe za siku kadhaa katika nchi ya Wamasai, na vijana wa Afrika Mashariki wakakimbia bega kwa bega na mabingwa wa Ulaya. Mmoja wa waliowaongoza vijana hao, Mkenya Suleiman Kangangi, alikufa mwezi Agosti 2022 katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Mungu amrehemu. Alikuwa mtu aliyetaka watoto wa huku wasibaki watazamaji barabarani. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Basi asiniambie mtu kwamba baiskeli ni chombo cha umaskini. Umaskini ni kuwa na kitu usijue thamani yake.

Sasa nitazame pwani yetu. Mimi husafiri kwa kazi ya Chama, sikutembezwa na mtu, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijui mahali pengine ambapo mtu aweza kuona nchi za namna nyingi hivi kwa siku tatu za baiskeli.

Kutoka Tanga mjini kwenda Pangani ni kiasi cha kilomita 50. Ukitoka mjini mwendo wa kama kilomita 17 wafika Tongoni, Mtang'ata ya kale, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe zaidi ya 40. Nje kidogo, baharini, ndipo meli moja ya Vasco da Gama, iitwayo São Rafael, ilipokwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata Wareno wakaichoma moto papo hapo kwa kuwa mabaharia hawakutosha kuirudisha kwao. Ukienda kwa gari wapita Tongoni kwa dakika mbili. Ukienda kwa baiskeli, kiu yakushika papo hapo, washuka, waomba maji, na kabla hujamaliza kikombe mzee ameshaanza kukusimulia.

Mbele yake ni minazi, mikoko, na mashamba ya mkonge. Hapa njia hubadilika chini ya tairi kila baada ya muda mfupi: mchanga mweupe unaokushika kama mdaiwa wako, kisha udongo mwekundu uliokazwa na malori, kisha mawe ya matumbawe yenye meno. Mwenye tairi nyembamba atasukuma. Katika mashamba ya mkonge njia zimenyooka mpaka macho yachoka, kwa sababu zilichorwa na watu waliotaka majani yafike kiwandani upesi. Tusisahau mkonge ulivyoingia. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai miche 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 nchi yetu ilifika kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Migongo iliyozitoa tani hizo ilikuwa ya babu zetu, na njia hizo nyekundu waliziponda wao kwa nyayo.

Pangani yenyewe haihitaji kupambwa. Hapo ndipo mwaka 1888 Abushiri bin Salim alipowaongoza watu wa pwani kuwakataa Wajerumani wa Kampuni, na hapo ndipo waliponyongea mwili wake, tarehe 15 Desemba 1889. Toka hapo msafiri ana njia mbili. Aweza kuvuka mto kwenda Bweni, ashike njia ya kusini, Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja, mpaka Saadani alikotoka Bwana Heri, mwenzake Abushiri katika vita ile. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na humo wamo simba, tembo na nyati, kwa hiyo mtu asiingie na baiskeli kwa ushujaa wa kijinga. Aombe ruhusa na afuate maagizo ya askari wa hifadhi. Au aweza kugeuza uso magharibi kwenda Muheza, apite mkonge na michungwa.

Na kutoka Muheza ndipo ipo njia ninayoipenda kuliko zote, ile ya kupanda Amani. Waanza katika joto la bondeni. Wafika Sigi, ambako Wajerumani walifikisha reli yao ndogo ya kuteremshia magogo, na jengo la stesheni lingalipo. Kuanzia hapo msitu wafunga juu ya kichwa, njia yajipinda na kujipinda, na hewa yapoa kila unapokata kona. Amani iko karibu mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, na tangu mwaka 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira. Kuna chai, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mtu aliyekunywa dafu pwani siku moja aweza siku ya pili kushika kikombe cha chai huko juu akitetemeka kwa baridi. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilisukuma baiskeli nusu ya njia, na watoto wa shule walinipita wakinipa pole.

Niongeze neno moja kwa wasioijua pwani. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Oktoba au karibu na hapo, toka Pangani urudi Tanga, upepo utakusukuma mgongoni. Kaskazi ikishika, geuza safari. Wakati wa masika usijaribu njia za udongo mweusi upande wa Saadani, maana tope lake hujaa katikati ya tairi na uma mpaka gurudumu likataa kuzunguka, na hapo utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Wavuvi wetu na wachukuzi wa madafu wayajua haya yote bila kitabu.

Ujuzi huo ni mali, na swali ni nani atakayeiuza.

Katika misitu ya Usambara huota ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, wakalipa jina lake. Leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, limeuzwa kwa mamilioni ya vyungu, nasi tuliomo msituni hata jina letu wenyewe hatukulisikia likitajwa. Njia zetu nazo zaweza kwenda vivyo hivyo. Mtu atatoka mbali na chombo chake cha kupimia, atapita Tongoni, Pangani, Muheza na Amani kwa juma moja, ataichora njia, ataipa jina la kwao, kisha atawauzia wenzake safari pamoja na magari ya kubeba mizigo yao, fundi wao na chakula chao. Kijiji kitabaki na vumbi na salamu za watoto. Kusema hivi si kumchukia mgeni. Mgeni anayekuja kwa baiskeli mimi namkaribisha kwa mikono miwili, maana ni mgeni wa namna ya pekee: miguu yake yamlazimisha kusimama. Mwenye gari hatoi hata senti moja kati ya Tanga na Pangani. Mwenye baiskeli ataka maji kila saa, ataka maandazi na chai, ataka ndizi, ataka mtu wa kumzibia pancha, na jua likizama ataka kitanda palepale alipo. Fedha yake ni ndogo kuliko ya yule alalaye katika hoteli kubwa, lakini yaingia mkononi mwa mama lishe bila kupita kwa mtu mwingine.

Ndugu mmoja alisimama katika mkutano wa tawi akaniambia, "Ndugu Katibu, sisi twataka maji na zahanati, wewe watuletea baiskeli?" Watu walimpigia makofi, na mimi sikukasirika, maana alisema kweli. Baiskeli haichimbi kisima. Nilimjibu kwa kumwuliza: mke wako hupita wapi kwenda kisimani? Mtoto wako hupita wapi kwenda shule? Wagonjwa mwawapitisha wapi kwenda kwenye hiyo zahanati? Ni njia hiyo hiyo. Mgeni akija au asije, njia ikizibwa anayezunguka kichakani ni mkeo. Hakunijibu, lakini baada ya mkutano alinifuata, tukaongea mpaka saa tatu usiku.

Tena yako ya lami. Njia kuu ya Tanga hadi Pangani, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, imo katika mradi wa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo kwa lami, pamoja na daraja la Mto Pangani lenye urefu wa mita 525. Sisi wa Chama tuliililia barabara hiyo na hatutageuka kuilalamikia. Mama mjamzito wa Pangani hana haja ya changarawe. Lakini lami huleta mambo mawili ambayo lazima tuyaseme wazi. Kwanza, huleta magari yaendayo mbio, na mwenye baiskeli asiye na ukingo wa kutosha pembeni ataisoma lami hiyo kwa ubavu. Wahandisi wakumbushwe kwamba wengi wa watumiaji wa barabara hiyo wana magurudumu mawili. Pili, hupandisha bei ya ardhi iliyo ufukweni, na bei ikipanda, seng'enge hufuata.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na kwamba kijiji chaweza kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika katika rejesta. Njia ya kwenda pwani, njia ya kisimani, njia ya madafu, hizo zote zaweza kuandikwa humo kuwa ardhi ya wote. Je, ni vijiji vingapi vya pwani yetu vimeziandika? Katika vile nilivyopita mwaka huu na kuuliza, sikuonyeshwa hata kimoja.

Na hapa nitasema jambo ambalo huenda likanipatia maneno ofisini. Kila waya unaozibwa, kuna mtu wetu aliyetia sahihi. Yule tajiri hakushuka na mwavuli. Alipokewa, alikaribishwa chai, akaonyeshwa mpaka, na waliomwonyesha wengine wana kadi ya Chama mfukoni. Kadi za TANU baada ya 1954 zilifika vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, kwa njia hizi hizi, mikononi mwa watu waliokuwa wakijificha kwa machifu wa serikali ya kikoloni. Leo mtu aliyezipata njia hizo bure aziuza kwa bahasha. Nataka mwenye ushahidi kwamba nasema uongo aniandikie katika gazeti hili, nami nitamjibu humu humu.

Yatupasa kufanya nini? Mimi sipendi maazimio marefu. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo la ramani huanzia kwenye uwanja wa shule, siyo kwenye atlasi. Basi tumeanza hivyo. Katika vijiji viwili, walimu na watoto wamechora njia zote za kijiji sakafuni kwa chaki, na wazee wakaitwa kusahihisha. Mlikuwa na kelele nyingi siku hiyo! Njia moja ilikuwa na majina matatu, na mzee mmoja alikataa kukaa mpaka liandikwe jina aliloliita babu yake. Ramani hiyo ikishanakiliwa kwenye karatasi, yapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, ikubaliwe, iandikwe katika rejesta ya ardhi ya pamoja, na nakala iende wilayani. Mjini, ambako ardhi si ya kijiji, madiwani wetu wadai jambo hilo hilo katika mipango ya miji.

La pili ni vijana. Kila kijiji cha njiani kina fundi baiskeli chini ya mwembe, mwenye beseni la maji, viraka na gundi. Fundi huyo afundishwe breki za visahani na tairi zisizo na mpira wa ndani, maana ndivyo vyombo vitakavyomjia. Waongozaji na wenye vyumba vya kulaza wageni wajiunge katika ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, wapange bei yao wenyewe, kusudi mgeni asiwachonganishe mmoja mmoja. Tena mashindano tuyaanze wenyewe, ya baiskeli hizi hizi za madafu na mkaa, kutoka Muheza hadi Amani. Nataka kumwona bingwa wa Italia akijaribu kupanda pale na magunia mawili nyuma.

Kuhusu ule waya nilioukuta, tumeandika barua kwa halmashauri ya kijiji kuomba muhtasari wa mkutano mkuu uliotoa kibali. Barua ina juma la tatu, na majibu hayajafika. Wakati huo huo twapima. Jumamosi ijayo tutaondoka kwenye magofu ya Tongoni saa kumi na mbili asubuhi, tuifuate njia ya zamani kuelekea kusini mpaka kwenye waya. Mwenye baiskeli aje nayo. Asiye nayo aje kwa miguu, hatutakwenda mbio. Na kila tawi lije na mzee mmoja aijuaye njia ilikuwa ikipita wapi.